Dohani ya Sebuleni Mwetu

Katika milima ya Usambara, upande wa Lushoto, mahali ambapo zamani Wajerumani walipaita Wilhelmstal, pana baridi ambayo watu wa pwani hawaisadiki mpaka waionje wenyewe. Mji wa Lushoto uko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,400, na vijiji vingine viko juu zaidi. Tangu mwezi wa Juni hata Agosti ukungu hushuka jioni, na asubuhi watoto huja shuleni wamejikunyata, mikono imefichwa ndani ya mashati. Wazungu waliojenga huku zamani hawakutaka kutetemeka. Kwa hiyo walijenga meko katika kuta za sebule zao, na juu ya meko wakasimamisha dohani ya matofali ya kupeleka moshi nje. Nyumba ya mwalimu tunayokaa sisi ni mojawapo ya nyumba hizo. Si mali yetu. Ni mali ya usharika, nasi tumekaribishwa humo kwa muda wa kazi yetu tu.

Msomaji ambaye hajaiona nyumba ya namna hiyo na afikiri hivi. Sebule yetu ina urefu wa futi 14 na upana wa futi 12. Katikati ya ukuta mmoja, matofali yametokeza ndani ya chumba kwa futi 2, kwa upana wa futi 5, nayo yamepanda toka sakafuni hata darini kama sanduku kubwa lililosimamishwa wima. Chini yake ni meko, meusi kwa masizi ya miaka mingi. Ndani yake njia ya moshi yapanda, yapita dari, na juu ya mabati dohani yaonekana mpaka barabarani. Watoto wetu waliuita ukuta ule kifua, maana, walisema, umetokeza kama kifua cha mtu ajivunaye.

Sisi hatukukipenda kifua kile. Kila Jumatano jioni jirani zetu huja kusali pamoja nasi, na wengine hukosa mahali pa kukaa. Kabati la vitabu halikupata pa kusimama. Tena imetupasa kusema kweli yote: tulikuwa tumealikwa katika nyumba mpya ya rafiki yetu mmoja, tukaona sebule yake ilivyo pana, na viti vyake vya mito vilivyopangwa kwa mstari, tukarudi kwetu tukiuangalia ukuta wetu kwa macho mengine. Basi haja ya nafasi ilikuwa ya kweli, lakini wivu nao ulikuwapo.

Meko yenyewe tulikuwa tumekwisha kuyaziba. Popo walishuka usiku kwa njia ya moshi wakazunguka taa. Na mvua iliponyesha, maji meusi yalitiririka sakafuni. Tulijaza majani makavu katika gunia, tukalisukuma juu ndani ya dohani, kisha tukapigilia ubao mbele ya meko. Popo wakakoma, upepo ukakoma, nasi tukajisifu kwa akili zetu. Mwaka uliofuata doa la unyevu likatokea ukutani, na lipu ikaanza kubambuka. Hata hivyo hatukujiuliza sababu yake.

Mama yetu mzazi alipokuja kukaa nasi, akitoka bondeni upande wa Korogwe ambako hali ya hewa ni ya joto, aliutazama ubao ule akauliza, "Wanangu, hili si jiko? Na moshi hupita wapi?" Tukacheka, tukamjibu, "Mama, humu hamna moto, basi hamna moshi." Naye akanyamaza.

Tulimwita fundi kijana aliyekuwa akijenga maduka karibu nasi. Akaupiga ukuta kwa vidole, akasema, "Mwalimu, hii ni kazi ya siku mbili. Tutavunja toka chini mpaka darini. Kilicho juu ya dari hakionekani na mtu, tutakiacha hapo hapo." Maneno yake yakatupendeza mno. Tukapatana aje Jumatatu. Hatukumwambia Mchungaji wala wazee wa usharika, kwa kuwa tulijua moyoni kwamba wangetuuliza maswali.

Usiku wa Alhamisi kabla ya Jumatatu ile, mwezi wa Julai, baridi ilizidi. Mama alikuwa akilala sebuleni pamoja na mjukuu wake wa miaka sita, kwa sababu vyumba ni vichache. Alilalamika kwamba miguu yake imekufa ganzi. Basi mama wa watoto akawasha seredani uani, akaipepea mpaka makaa yakawa mekundu yote na moshi ukaisha, ndipo tukaiingiza sebuleni. Tulidhani kwamba pasipo na moshi hapana madhara. Tukafunga madirisha, tukafunga mlango, na chini ya mlango tukatia nguo ili joto lisitoke.

Yapata saa nane ya usiku mama wa watoto alisikia mtoto akitapika. Alipofungua mlango mtoto alisema kwa sauti dhaifu kwamba kichwa chamwuma. Akamwita mama yetu, hakujibu. Akamtikisa, hakujibu. Ndipo akapiga ukelele, nasi tukakimbia, tukambeba mmoja mmoja mpaka barazani penye baridi kali, tukamlaza mama juu ya jamvi. Mtoto alipopata hewa alianza kulia kwa nguvu, na kilio kile kilikuwa kitamu masikioni mwetu. Lakini mama alikaa muda mrefu bila kufumbua macho, na alipoyafumbua hakututambua. Jirani mmoja alitoa gari lake, tukampeleka hospitali. Huko alivutishwa oksijeni usiku ule mpaka mchana. Twamshukuru Mungu, akapona.

Mganga wa hospitali alitueleza jambo lile kwa maneno mepesi, nasi twalieleza hapa kwa faida ya wote. Makaa yawakapo hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haichomi macho kama moshi. Kwa hiyo mtu aliyelala haamshwi nayo. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ikashindwa kuichukua oksijeni na kuipeleka mwilini. Mtu huanza kuumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, huishiwa nguvu, kisha huzimia. Na asipotolewa hufa. Makaa mekundu yasiyo na moshi si salama. Hewa hiyo hutoka pasipo kuonekana. Mtu akionekana na dalili hizo, na atolewe nje mara moja penye hewa safi, milango na madirisha yafunguliwe, naye apelekwe hospitali hata kama anasema kwamba amepata nafuu.

Tuliporudi nyumbani tuliutazama ubao uliopigiliwa mbele ya meko, tukalikumbuka swali la mama. Hatusemi kwamba dohani iliyo wazi ingeifanya seredani kuwa salama katikati ya chumba, la, hasha. Lakini walioijenga nyumba ile walijua kwamba watu watahitaji moto, wakauwekea mahali pake na njia yake. Sisi tulipaziba mahali pale, tukaiziba na njia, kisha tukauleta moto usio na njia ndani ya chumba tulichokifunga kama chungu chenye kifuniko.

Hata babu zetu walijua jambo hili ingawa hawakuwa na dohani. Katika nyumba zao za majani moto uliwaka katikati, na moshi ukajipenyeza polepole kwa mapaa. Moshi ule uliumiza macho na vifua, wala hatuusifu. Lakini nyumba ilipumua. Leo tumeezeka mabati, tumepiga dari, tumetia vioo madirishani, nasi twaona tumeendelea. Walakini moto wetu bado ni ule ule wa zamani. Nyumba imebadilika, na desturi yetu ya kuota moto haikubadilika pamoja nayo.

Jumatatu fundi kijana alikuja na nyundo zake. Tukamwomba radhi, tukampa nauli yake, tukaenda kwa Mchungaji kukiri yote. Mchungaji hakutugombeza sana. Alisema tu, "Mngevunja nyumba isiyo yenu, kwa siri." Kisha akamwita mzee mmoja mwashi, mtu aliyejenga kwa mikono yake makanisa mengi ya milimani, aje kutazama kabla ya wazee kukutana.

Tulimwamkia mzee yule, naye akaitika, "Marahaba, wanangu," akaomba ngazi na taa. Hakuugusa ukuta wa sebuleni kabisa, bali alipanda moja kwa moja darini, akatuita tumfuate. Huko juu tuliona tusiloliona siku zote tulizokaa katika nyumba ile: matofali yaliyopanda gizani mpaka kupita mabati, bila kuegemea kitu, yamesimama juu ya kifua kile tu. Mzee akasema, "Hesabuni, mwalimu."

Tukahesabu. Toka dari mpaka kilele palikuwa na safu 45, na kila safu ina matofali 12. Jumla yake ni matofali 540. Tukachukua tofali moja lililoanguka, tukalipima kwa mizani ya dukani, likawa kilo 3. Basi juu ya dari palikuwa na kilo 1,620, yaani zaidi ya tani moja na nusu, bila kuhesabu chokaa iliyoyashikamanisha. Kama fundi kijana angalivunja toka chini mpaka darini, mzigo wote ule ungalibaki juu ya mbao za dari. Na chini ya mbao hizo kila Jumatano jirani zetu hupiga magoti. Hesabu ile tulikwenda nayo darasani, tukawapa watoto waifanye. Wakaipata upesi kuliko tulivyoipata sisi.

Mzee mwashi akatueleza kwamba njia ni tatu. Njia ya kwanza ni kuiondoa dohani yote. Kazi hiyo huanzia kileleni, tofali kwa tofali, ikashuka mpaka msingi, na tundu la paa likazibwa vema. Kamwe haianzii chini. Akitaka mtu kuiacha sehemu ya juu, hana budi kuitilia boriti ya chuma chini yake, nayo ipimwe na mjuzi. Njia ya pili ni kuyafunga meko na kuuacha ukuta. Lakini dohani isiyotumika yataka hewa. Na ifagiliwe kwanza, kisha iachiwe tundu lenye wavu huku chini, na huko juu ivikwe kofia ya bati izuiayo mvua na kuruhusu hewa kupita. Ikizibwa kabisa, unyevu huingia katika matofali na masizi, ukatokea ukutani. Hapo tukaelewa asili ya doa letu: lilikuwa gunia letu la majani. Njia ya tatu ni kuitengeneza dohani na kuitumia.

Wazee walipokutana hawakuwa na nia moja. Mzee mmoja alisema ni afadhali kufunga, maana kuni ni ghali na msitu wapungua. Na neno lake lilikuwa la haki. Mwingine alitaka ivunjwe yote ili chumba kiwe kikubwa. Sisi, tuliokuwa na hamu kuu ya kuivunja, tulisimama tukaomba itengenezwe. Tulisema kwamba baridi haitakoma, na watu wenye baridi watatafuta moto. Usipopatikana mahali pa haki utaletwa usiku katika seredani. Tukaahidi kuchoma matawi makavu tu ya mikaratusi iliyopandwa karibu na shule, na katika miezi ya baridi tu. Na Bwana wetu alipofundisha habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba na aketi kwanza ahesabu gharama, twadhani fundisho hilo lamfaa hata mtu atakaye kubomoa. Wazee wakakubali.

Tulipokuwa tukingojea kazi tulisoma habari za dohani katika nchi zilikotoka. Uingereza nako watu wa kale waliwasha moto katikati ya chumba, na moshi ukatoka kwa tundu la paa. Dohani zilienea katika nyumba za watu wa kawaida katika karne ya 16 na ya 17. Mwaka 1662 serikali ikatoza kodi ya meko, shilingi 2 kwa kila meko kwa mwaka, na kodi hiyo ikaondolewa mwaka 1689. Watu wengine waliziba meko yao wasilipe. Yasimuliwa kwamba katika kijiji cha Churchill, jimbo la Oxfordshire, mwaka 1684, mwoka mikate mmoja alitoboa ukuta ili moshi wa tanuri lake upite katika dohani ya jirani, apate kuikwepa kodi. Moto ukatokea, ukateketeza nyumba zipatazo 20, na watu wanne wakafa. Tuliposoma hayo hatukumcheka mwoka yule, kwa kuwa sisi tulikuwa tumefanya mfano wa kosa lake.

Kisha ikaja siku ya kufagia. Masizi yalikuwa mengi, na mtu mmoja, pasipo nia mbaya, alisema, "Mwalimu ana watoto wembamba shuleni. Na apandishwe mmoja kwa kamba." Tukakataa kabisa, tukamweleza sababu. Huko Uingereza, kwa miaka mingi, watoto wadogo wa maskini walipandishwa ndani ya dohani kufagia. Walichubuka magoti, waliugua, na wengine walinaswa humo wakafa. Bunge lilitunga sheria moja baada ya nyingine, mwaka 1788, 1834, 1840 na 1864, na bado sheria hizo hazikushikwa. Mwezi wa Februari 1875 mtoto mmoja, George Brewster, alinaswa katika dohani huko Fulbourn, karibu na Cambridge, akafa baada ya kutolewa. Lord Shaftesbury, Mkristo aliyewapigania watoto wa kazi maisha yake yote, akaipeleka tena habari hiyo Bungeni, na sheria ya mwaka ule ndiyo iliyoikomesha desturi mbaya ile. Haifai sisi kuianzisha milimani kwetu jambo ambalo wengine walilitubia.

Mzee mwashi alifagia kwa njia nyingine. Alifunga matawi magumu mafungu mafungu kwa kamba ndefu, akatia jiwe chini yake, akayashusha toka kileleni na kuyapandisha mara nyingi, huku sisi chini tumeyafunika meko kwa gunia lililoloweshwa. Yalitoka masizi ya ndoo sita, na mabaki ya viota, na lile gunia letu, limeoza. Kisha akawasha majani mabichi mekoni, akapanda darini kutazama moshi unapovuja. Kila ufa akauziba. Jioni moja akangoja popo watoke wote kwenda zao, ndipo akafunga wavu wa chuma juu, na juu yake kofia ya bati. Koo la dohani akalifanya jembamba, na pande za meko akazijenga kwa kutanuka kuelekea chumbani, ili joto lirudi kwa watu. Jambo hilo alilieleza Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts aitwaye Count Rumford, katika maandiko yake ya mwaka 1796. Mzee wetu hakupata kulisikia jina lake. Alifundishwa na baba yake, naye baba alifundishwa na wajenzi wa misheni.

Sebule yetu haikuongezeka hata inchi moja. Siku za Jumatano wengine bado hukaa mlangoni, na kabati la vitabu limesimama ushorobani. Lakini doa la ukutani limekauka, na katika miezi ya baridi watoto wa shule wapatao kumi huja kusoma jioni mbele ya meko, dirisha moja likiwa wazi kidogo, kwa sababu moto nao wataka hewa ya kuvuta. Wakati wa kulala twauzima kabisa.

Jioni ya kwanza tulipowasha moto, mama yetu alikuwa amekaa karibu, amejitanda kanga mbili. Aliutazama kwa muda, kisha akainuka bila kusema neno, akatoka nje. Tukaogopa kwamba amekumbuka usiku ule. Tulipomfuata tulimkuta uani, ameinua uso, akiuangalia moshi mweupe ukipanda juu ya mabati na kupotea katika ukungu.

Akasema, "Sasa nimeona unapopita."

Akarudi ndani kuota moto.

Ndugu wasomaji, wengi wenu hamna dohani, wala hatuwashauri mjenge. Neno letu ni hili tu: msilale na seredani ndani ya chumba kilichofungwa, hata baridi iwe kali namna gani, hata makaa yawe mekundu namna gani. Wakumbusheni wazee na watoto walio nyumbani mwenu. Na mkitaka kubomoa au kuziba kitu kilichojengwa na waliowatangulia, pandeni kwanza darini na taa, mkatazame kimebeba nini.